Paja la Mjomba Lavuka Bahari

Pale kituo cha basi cha Thangachimadam kuna mabanda mawili yaliyoegemeana. La kushoto ni langu, nachemsha chai. La kulia ni la Savarimuthu, mpiga parota, zile chapati za matabaka. Ukisikia vishindo asubuhi usidhani kuna ugomvi. Ni yeye anaupiga unga juu ya meza ya jiwe, anauzungusha hewani mpaka unakuwa mwembamba kama leso, anaukunja, anauweka kwenye chuma cha moto. Ni mtu mnene, unene wa kupendeza, na hakuna mtoto wa mtaa wetu ambaye hajayalalia mapaja yake. Akiketi kwenye benchi baada ya chakula cha mchana, watoto hupanda wenyewe kama paka wanaopanda gunia la mchele, wala hakuna anayewaita.

Nataka kuwasimulia jinsi paja hilo lilivyovuka bahari. Nisikilizeni taratibu, maana paja lenyewe lilikuwa zito na safari ilikuwa na masharti yake.

Savarimuthu ana ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake wa kike, Arokiam. Huyu aliolewa na Yesudasan, kijana kutoka Sri Lanka, ng'ambo ya bahari, aliyekulia hapa kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Mandapam. Vita vilipokwisha kwao, Yesudasan akamchukua mkewe wakarudi kisiwani kwake, Neduntivu. Si mbali. Simu ya Arokiam huwa inashika mnara wa upande wetu akisimama juu ya tangi la maji, na huo ndio umbali wenyewe. Lakini katikati pamepita mpaka, na mpaka hauangalii umbali. Pasipoti, viza, ndege ya kuzunguka kupitia miji mikubwa, hayo ni mambo ya watu wengine. Mpiga parota na mke wa mvuvi hawana njia hiyo.

Wakapata binti, wakamwita Dilakshi. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Kwetu mtoto hatogwi masikio mpaka apakatwe na mjomba wake, ndugu wa mama yake. Baba hawezi, babu hawezi, hata paroko hawezi. Mjomba anaketi, mtoto anakalishwa pajani pake, sonara anatoga, na hereni za kwanza za dhahabu hutoka kwa mjomba huyohuyo. Hufanywa mwaka wa kwanza, au wa tatu, au wa tano, au wa saba. Miaka ya shufwa haitajwi kabisa. Wakwe wa Arokiam walimwambia, tafuta mtu yeyote wa rika la kaka yako, tumalize. Arokiam akakataa. Akasema mtoto wake ana mjomba, na mjomba mwenyewe ana paja, tena la kutosha ukoo mzima.

Mwaka wa kwanza ukapita. Wa tatu ukapita. Wa tano ukapita. Dilakshi akaingia mwaka wa saba na masikio matupu.

Arokiam alipiga simu siku moja mchana, Savarimuthu akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Nilimshikia simu sikioni, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Kaka, mpwa wako anaulizwa shuleni kama ni mvulana."

"Mwambie mjomba anakuja."

"Mjomba anakuja tangu mtoto ana meno mawili. Sasa hayo mawili yameshang'oka."

"Safari hii nakuja, Arokiam."

"Usipokuja safari hii, mwaka wa tisa atakuwa msichana mkubwa, hawezi kupakatwa na mwanamume mbele za watu. Itabidi nimweke kwenye paja la kaka wa jirani. Umesikia? La jirani! Mwembamba yule, mtoto atateleza."

Parota ya Savarimuthu ikaungua kwenye chuma, na hilo sikuwahi kuliona.

Ninyi mtauliza: kama njia hakuna, mjomba angekwendaje? Njia ipo, moja, ya mara moja kwa mwaka. Katikati ya bahari kuna kisiwa kidogo, Kachativu, ardhi ya Sri Lanka, hakina nyumba wala kisima. Kina kanisa la Mtakatifu Antoni, basi. Kwa sikukuu yake, mwanzoni mwa joto, watu wa kwetu na watu wa kwao huvuka wote wakakutana pale, Ijumaa mpaka Jumamosi, bila pasipoti, bila viza. Ndugu wanakumbatiana, watoto waliozaliwa wanaonyeshwa, wachumba wanaangaliana wakijidai wanasali.

Na mbona Savarimuthu hakuwa amekwenda miaka yote hiyo? Hapo mtanisamehe nikicheka kidogo. Amezaliwa hatua chache kutoka majini, baba yake mvuvi, babu yake mvuvi, na yeye akiona wimbi tumbo linapinduka. Hata basi likipita juu ya daraja la Pamban hufumba macho. Wavuvi wanaokula kwake humtania, "Savari, usiukoroge mchuzi sana, una mawimbi huo." Mwaka mmoja aliwahi kujaribu kwenda kwenye sikukuu. Alipanda boti. Boti ikiwa bado imefungwa kamba gatini, akatapikia viatu vya sista. Wakamshusha. Arokiam alimngoja kule kisiwani na mtoto aliyepambwa kama bibi harusi, mpaka boti ya mwisho.

Basi mwaka huu, paroko aliposimama baada ya misa kutangaza masharti ya safari, Savarimuthu aliketi kiti cha mbele, mahali ambapo hakai kamwe. Paroko alisoma: kila anayekwenda alete kitambulisho na nakala yake, na picha. Alete karatasi ya polisi kwamba hana kesi. Apande boti iliyosajiliwa, na arudi na boti hiyohiyo. Hakuna pombe. Hakuna bidhaa za kuuza. Na dhahabu hairuhusiwi, isipokuwa ile iliyovaliwa mwilini.

Savarimuthu aligeuka akamtazama mkewe, Pushpam. Hereni za Dilakshi zilikuwa nyumbani ndani ya kikopo, vijiua viwili vya dhahabu vidogo kama punje ya dengu, vimenunuliwa tangu mtoto alipozaliwa.

"Nitazificha kwenye parota," alinong'ona.

"Utafungwa wewe na parota," Pushpam akamjibu. "Amesema iliyovaliwa mwilini. Vaa."

"Nivae wapi?"

Pushpam alimtazama masikio.

Karatasi ya polisi haikuwa na taabu. Askari wa kituo hula kwetu kila asubuhi. Alimwuliza, "Una kesi yoyote?" Savarimuthu akasema hana. Askari akasema, "Unayo. Juzi mchuzi ulikuwa na chumvi, nimekunywa maji mpaka jioni." Kisha akagonga mhuri.

Taabu ilikuwa masikio. Savarimuthu alitogwa utotoni kama sisi sote, lakini wanaume wa siku hizi hawavai kitu, na matundu yalikuwa yamejifunga zamani. Ikabidi aende kwa sonara, yule wa barabara ya kanisa, na kwa kuwa biashara ya asubuhi ilikuwa imekwisha, tulimsindikiza wote: mimi, Pushpam, na walaji watatu ambao hawakutaka kukosa.

Sonara aliposikia kazi yenyewe aliweka koleo lake chini. "Umri gani huyu?"

"Arobaini na sita."

"Shufwa. Haifai." Akacheka mwenyewe. "Haya, na mjomba wake yuko wapi? Mimi sitogi mtu asiye na mjomba."

Alikuwa anatania. Lakini mlaji mmoja tayari alikuwa amekwenda mbio, maana mjomba wa Savarimuthu yu hai, mzee Rayappan, anakaa nyuma ya kiwanda cha barafu. Akaletwa kwa baiskeli, amevaa kitambaa kiunoni na miwani imefungwa uzi, mwembamba kama fimbo ya mwavuli.

"Nimeitiwa nini?"

"Umpakate mpwa wako, atogwe."

Mzee alimtazama Savarimuthu kuanzia kichwani mpaka miguuni, na njia ilikuwa ndefu. "Huyu nilishampakata. Alikuwa kama samaki mmoja wa kuchoma. Nyie mnataka kuniua?"

"Kidogo tu, mjomba," Savarimuthu akasema, na nilimwona ameshaanza kuona haya kama mtoto.

"Haya. Ukoo ni ukoo." Mzee akaketi kwenye benchi la sonara, akanyoosha kitambaa, akajipiga paja. "Njoo."

Savarimuthu akaketi. Aliketi kwa adabu, amejibeba nusu kwa miguu yake, na mambo yangekuwa salama. Lakini sindano ilipogusa ndewe la kwanza alipiga kelele, akasahau kujibeba. Benchi lilivunjika katikati. Mjomba na mpwa wakawa chini, mpwa juu, sindano bado sikioni, na mzee Rayappan akisikika sauti tu kutoka mahali fulani chini: "Amekwisha? Amekwisha togwa? Mwulizeni sonara!"

La pili lilitogwa palepale sakafuni, maana mzee alisema akinyanyuka hatarudi tena. Savarimuthu alilia machozi ya kweli. Alitoka dukani na vijiua viwili vya dhahabu kwenye masikio mekundu, na siku mbili zilizobaki kabla ya safari sijawahi kuuza chai kama ile. Watu walikuja kutoka Pamban kumtazama.

"Dada, nipatie parota mbili!" walimwita.

"Nitakupatia hii kichwani," naye akawajibu, lakini hereni hakuzivua.

Ijumaa alfajiri tukaenda gatini Rameswaram. Mimi nami nilijiandikisha. Nilitaka kuiona siku hiyo kwa macho yangu, na pia Pushpam alinipa ndoo na kuniambia kazi yangu. Foleni ilikuwa ndefu. Watu na mifuko yao, watoto, rozari, boti zimepambwa. Mwishoni mwa foleni, mezani, alikaa afisa wa forodha, mwanamke wa makamo, nywele zimebanwa vizuri, hacheki. Alifungua kila mfuko. Mbele yetu bwana mmoja alikutwa amevaa vitambaa saba vipya kiunoni, kimoja juu ya kingine, akaachiwa kimoja.

Ikafika zamu yetu. Afisa alitazama kitambulisho cha Savarimuthu, akatazama picha, akainua macho akatazama masikio. Akashusha kalamu.

"Hizo nini?"

"Hereni, dada."

"Za nani?"

Ningekuwa mimi ningesema zangu. Savarimuthu hawezi uongo. Uso wake wote unageuka kuwa unga. "Nimezivaa mwilini," alisema.

"Naona umezivaa. Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Na masikio yanatoka usaha tangu lini?"

"Tangu Jumatano jioni."

Nyuma yetu foleni ilianza kucheka, na bibi mmoja akapaza sauti, "Afisa, mwache apite! Ni mjomba huyo! Anakwenda kumtoga mpwa wake!" Na mwingine, "Ana miaka saba mtoto, hajatogwa!" Kumbe habari ilikuwa imetutangulia foleni nzima. Nadhani walaji wetu.

Afisa akasubiri kelele zipungue. "Mpwa yuko upande ule?"

"Yuko upande ule, dada. Mama yake ni mdogo wangu. Mimi ndiye mjomba wake wa pekee."

"Sheria unaijua? Dhahabu uliyovaa inakwenda na wewe, inarudi na wewe. Haibaki."

Nilimwona Savarimuthu mabega yakishuka kama unga uliokosa hamira. Afisa aliinama, akaandika huku akisema kwa sauti, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto imla:

"Mwanamume mmoja. Hereni za dhahabu, jozi moja, masikioni. Kesho nitakuwa hapahapa. Nitatazama: mwanamume mmoja, hereni za dhahabu, jozi moja, masikioni. Mimi si sonara, sipimi, wala sijui ua na jani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada," alisema Savarimuthu kwa huzuni, na ilikuwa wazi kwamba hakuelewa hata chembe.

"Pita. Na upake manjano hayo masikio."

Safari yenyewe sitaieleza sana, mtakosa hamu ya chakula. Nilishika ndoo. Savarimuthu alishika ukingo wa boti kwa mkono mmoja na sikio kwa mkono mwingine. Wakati fulani aliniambia, "Nikifa, nivueni hereni, mpelekeeni." Nikamwambia akifa haziwezi kubaki, sheria. Akatapika tena.

Foleni na upekuzi vilikula siku yetu. Tulipoteremka Kachativu jua lilikuwa linagusa maji na watu wamekusanyika kupandisha bendera ya Mtakatifu Antoni. Na pale mchangani, kabla hata mguu wake haujakauka, mwanamke mmoja wa sari ya njano alitoka kwenye umati akimkimbilia, akimpiga ngumi za kifuani, akilia, akimtukana. Ndiye Arokiam.

"Mnene wewe! Mwongo wewe! Umekuja!"

Nyuma yake Yesudasan, mumewe, kajaa tabasamu. "Shemeji! Umekuja au umeletwa?"

"Bahari imenitapika," alisema Savarimuthu. "Nami nimeitapikia. Hatudaiani."

"Na hizi hereni? Ndiyo mitindo ya Thangachimadam siku hizi? Kwetu wanaume bado tunavaa saa."

"Kaa kimya, shemeji, au nitakukalia. Mwulize mjomba Rayappan."

Na nyuma ya Yesudasan, ameshika ncha ya shati la baba yake, alisimama Dilakshi. Kinywa chake hakikuwa na meno mawili ya mbele, nywele zimesukwa na maua, masikio matupu kabisa. Alimtazama mjomba wake, akashusha macho mpaka miguuni. Kisha akasema kwa Kitamil cha kwao, kile kinachokwenda kama wimbo, "Mama, hili ndilo paja lenyewe?"

"Ndilo."

"Ni kubwa kuliko lilivyokuwa kwenye simu."

Walikuwa wamekuja na sonara wao kutoka Neduntivu, mtu mwenye haraka aliyebeba kisanduku chini ya kwapa. Alitazama jua, akatikisa kichwa. Jua likishazama, hatogi. Sikio la usiku haliponi vizuri. Tena akatazama miguu ya Savarimuthu, ambayo ilikuwa bado inayumba kama boti. "Na paja hilo linatetemeka. Nitatoga pua. Kesho, baada ya misa. Lakini jueni, boti yetu hutangulia kuondoka."

Usiku ule ulikwenda na rozari na nyimbo na maandamano ya sanamu. Wanajeshi wa majini wa kwao walitugawia wali na maji ya kunywa. Sisi tulikula parota za Savarimuthu, zilizofungwa kwenye jani la mgomba, na Arokiam alizila macho yamefumbwa.

Lakini kaka yake hakula. Asubuhi, misa ikikaribia mwisho, alimvuta pembeni akamwambia yote: paja limekuja, hereni zimekuja, lakini hereni hazibaki. Afisa ameandika. Lazima arudi na jozi masikioni. Mtoto atatogwa, kisha avikwe nini? Kijiti?

"Alisemaje huyo afisa?" Arokiam aliuliza. "Neno kwa neno."

Savarimuthu alimsimulia. Nami nilisaidia alipokosea. Mwanamume mmoja, jozi moja, masikioni. Si sonara, hapimi, hajui ua na jani.

Arokiam alisikiliza, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Kaka, wewe kichwa chako kimejaa unga. Mwanamke mwenzangu amekupa mlango, wewe umeupita kama ukuta." Akainua mikono, akavua hereni zake mwenyewe, majani mawili ya dhahabu yaliyolainika kwa uzee. "Vaa hizi."

Savarimuthu alirudi nyuma. "Hizo ni za mama."

"Za mama. Alinipa siku ya harusi. Na zinakwenda wapi? Nyumbani kwa mama. Ni safari gani nzuri kuliko hiyo? Pushpam atazivaa Krismasi."

"Na wewe ukae hivyo?"

"Mimi mke wa mtu, masikio yangu hayaulizwi shuleni." Alivunja vijiti viwili vya mwarobaini kutoka kwenye mapambo ya mlango wa kanisa, akavichomeka kwenye matundu. "Tazama. Dawa na urembo."

"Nitamnunulia nyingine," alisema Yesudasan haraka.

"Mmesikia?" Arokiam aligeukia watu waliokuwa karibu. "Amesema mbele ya Mtakatifu Antoni!" Yesudasan akashika kichwa, maana ahadi iliyotolewa pale haivunjwi na mtu anayekwenda baharini. Watu wakapiga vigelegele.

Wakati huohuo honi ya kwanza ikalia. Boti ya Neduntivu. Sonara alikuja mbio na kisanduku chake. "Sasa au mwakani! Mwakani ni shufwa!"

Savarimuthu alivua vijiua akampa sonara, akavaa majani ya mama, kisha akaketi mchangani, mgongo kwenye ukuta wa kanisa, akakunja miguu, akajipiga paja mara mbili kama anavyofanya kwenye benchi lake. Halikuwa linatetemeka. Dilakshi akaja, akapanda, akajitafutia mahali. Akapata. Arokiam aliyekuwa akicheka muda wote akaacha kucheka, akageuka akatazama bahari.

"Mjomba, inauma?"

Nilijua hatasema uongo. "Inauma."

"Wewe ulilia?"

"Nililia. Na benchi lilivunjika."

"Kwa nini benchi lilivunjika?"

"Kwa sababu nilikuwa nimepakatwa na mjomba wangu."

Mtoto aligeuza kichwa kumtazama usoni. "Wewe? Umepakatwa? Na mjomba wako ni mkubwa kiasi gani?"

"Kama fimbo ya mwavuli. Tukaanguka, yeye chini, mimi juu, naye anapiga kelele, 'Mwulizeni sonara kama amekwisha!'"

Dilakshi alicheka kicheko cha pengo, chote kikitoka na mate, na katikati ya kicheko hicho sonara akafanya sikio la kulia. Mtoto akashtuka, akataka kulia, akasikia mjomba anasema kwa sauti ya kizee kutoka chini ya benchi, "Amekwisha? Amekwisha?" Kilio kikapotea njia, kikatoka kicheko tena. Sonara akafanya la kushoto. Vijiua viwili vikaingia mahali pake, vilivyonunuliwa tangu alipozaliwa, vikang'aa kwenye manjano aliyopakwa masikioni.

Aliyelia ni Savarimuthu. Alilia wazi, bila kujifuta, mikono yake ikiwa imemzunguka mtoto.

Honi ya pili. Dilakshi alikataa kushuka. Alisema bado anapakatwa. Baba yake alimvuta mkono mmoja, mama mwingine, na mwisho Savarimuthu alinyanyuka naye, akambeba mpaka majini, akaingia na nguo zake, mtu anayeogopa wimbi la ndoo, maji yakafika kiunoni. Akamwinua akampa mvuvi mmoja ndani ya boti. Arokiam akamshika kaka yake kichwa kwa mikono miwili, akamkaza zile hereni za mama, akasema kitu ambacho sikukisikia wala sikupaswa kukisikia. Kisha naye akapanda.

Boti ikarudi nyuma, ikageuka. Watu wote walipunga mikono. Dilakshi hakupunga. Alikaa ukingoni, shingo imenyooka kama mtu aliyebeba mtungi, akageuza kichwa kulia, akangoja tutazame vizuri. Kisha akageuza kushoto, tuone na la pili.